Shajara ya mradi: kupima ulinzi wa timu zilizowania ubingwa wa NBA 2024-25

Julai 2025, wiki ya kwanza: swali na timu

Swali la mradi ni moja. Kati ya timu zilizowania ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, msimu wa 2024-25, ni ipi iliyokuwa na ulinzi mzuri kwa sababu zinazodumu, na ipi ilibebwa na wapinzani kukosa tu? Jedwali la msimu lina jibu lake tayari: Oklahoma City Thunder wa kwanza, Orlando Magic wa pili. Ila jedwali linaonyesha pointi ngapi ziliingia, halionyeshi zile ambazo hazikuingia zilizuiwaje. Kwenye mtoano unakutana na timu ileile hadi mara saba mfululizo, na kocha wa upande wa pili ana usiku mzima wa kutafuta tundu lako. Hapo namna ya kuzuia ndiyo inayoamua.

Timu tulizochukua, na mechi zilizoshinda na kupoteza, ni Oklahoma City Thunder (68-14), Cleveland Cavaliers (64-18), Boston Celtics (61-21), Houston Rockets (52-30), New York Knicks (51-31), Indiana Pacers (50-32) na Minnesota Timberwolves (49-33). Orlando tumewaweka pembeni kama kipimo. Walimaliza 41-41 na kutolewa na Boston raundi ya kwanza kwa 4-1. Walikaba vizuri sana, lakini hawakuwa na mashambulizi ya kutosha, kwa hiyo hawakuwa wawaniaji.

Wiki ya pili: kuhesabu zamu

Pointi kwa mechi hazilinganishwi, kwa sababu timu moja inacheza haraka na nyingine polepole. Tunahesabu pointi kwa kila zamu 100 za mpinzani; zamu ni kila mara timu inapomiliki mpira hadi uende upande wa pili. Zamu zinakadiriwa hivi: mitupo yote ya uwanjani, jumlisha mitupo huru mara 0.44, toa rebaundi za mashambulizi (mitupo iliyokosa ambayo timu inayoshambulia imeidaka tena), jumlisha mipira iliyopotea.

Mfano wa kufanyia zoezi: mpinzani ametupa mara 88, amepiga mitupo huru 22, amepata rebaundi 10 za mashambulizi, na amepoteza mpira mara 14. Hiyo ni 88 + 9.68 − 10 + 14 = 101.68. Akiwa amefunga pointi 110, ulinzi wako umeruhusu 108.2 kwa zamu 100. Wastani wa ligi msimu huu ulizunguka 114, kwa hiyo 108 ni ulinzi wa hali ya juu.

Ile 0.44 inatatiza wengi. Mitupo huru miwili kwa kawaida inamaliza zamu moja, ambayo ingekuwa 0.5. Lakini kuna mtupo mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kilichoingia na faulo, kuna mitupo mitatu kwa mtu aliyefanyiwa faulo akitupa kutoka nje, na kuna mitupo ya faulo za kiufundi ambazo hazimalizi zamu ya mtu. Ukichanganya yote unapata 0.44. Ukiweka 0.5, timu inayofanya faulo nyingi inaonekana imekabiliana na zamu nyingi kuliko ukweli, na ulinzi wake unapendelewa bila haki. Kwa Thunder kosa hilo lingekuwa kubwa, kwa sababu mikono yao ina shughuli nyingi na waamuzi wanawapigia filimbi mara kwa mara.

Wiki ya pili, mwishoni: kukata dakika zisizo na maana

Kwenye mtoano, mechi ya kwanza ya Thunder na Memphis iliisha 131-80. Mechi ya pili dhidi ya Denver, 149-106. Nao walipigwa na Minnesota 143-101 kwenye mechi ya tatu ya fainali ya Magharibi. Ukiacha dakika za mwisho za mechi hizo ndani ya hesabu, unapima ulinzi wa wachezaji wa akiba wanaosubiri kwenda nyumbani.

Kanuni tuliyotumia ni ile iliyozoeleka kwa wachambuzi. Inahusu robo ya nne pekee: tofauti ya 25 au zaidi zikiwa zimebaki dakika 12 hadi 9, ya 20 zikibaki 9 hadi 6, ya 10 ndani ya dakika 6 za mwisho, na wachezaji wa kikosi cha kwanza waliobaki uwanjani wasizidi wawili kwa timu zote mbili pamoja. Timu iliyokuwa nyuma ikirudi mchezoni, dakika zilizokatwa zinarudishwa.

Kamwe usikate kabla ya robo ya nne. Mechi ya tatu kule Memphis, Thunder walikuwa nyuma 77-51 mapumziko, wakashinda 114-108. Memphis walipata pointi 31 tu kipindi chote cha pili, ingawa lazima iandikwe pembeni kwamba Ja Morant, nyota wao, alikuwa ameumia na kutoka. Kanuni ya ovyo ingeitupa sehemu ya hiyo nusu, na ni mojawapo ya vipindi bora vya ulinzi katika mtoano mzima.

Wiki ya tatu: mambo manne, kila moja na safu yake

Tumegawa ulinzi katika safu nne za Excel, tukifuata mgawanyo wa mtakwimu wa kikapu Dean Oliver: ubora wa mitupo ya mpinzani, mipira aliyopoteza, rebaundi za ulinzi, na mitupo huru aliyopewa. Kwa mitupo tunatumia asilimia yenye uzito: vikapu vyote, jumlisha nusu ya vile vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Rebaundi usihesabu kwa idadi. Timu ambayo mpinzani wake anakosa sana itapata rebaundi nyingi tu. Chukua rebaundi zako za ulinzi, gawa kwa jumla ya hizo pamoja na za mashambulizi za mpinzani.

Hapa ndipo sura za timu zinaanza kutofautiana. Minnesota wanalinda kikapu: Rudy Gobert anabaki nyuma, Jaden McDaniels anamkimbiza mwenye mpira juu ya skrini (mshambuliaji anayesimama kumzibia mkabaji njia), na mpinzani anaachiwa mtupo wa umbali wa kati. Boston walibadilishana watu karibu kila mahali, kwa sababu Jrue Holiday na Derrick White hawakuogopa kumkaba mtu mkubwa. Cleveland wana Evan Mobley, Mchezaji Bora wa Ulinzi wa msimu huo, ambaye anaweza kutoka nje kwenye duara na bado akarudi chini kuzuia. Houston wana Amen Thompson, aliyeingia kikosi cha kwanza cha ulinzi cha ligi, na miili mizito chini. Thunder wanafanya kitu kingine kabisa: wanapora. Waliongoza ligi kwa kupokonya mipira, zaidi ya 10 kwa mechi, na wapinzani wao walipoteza mpira karibu mara 17.

Wiki ya nne: tatu zinazokosa

Safu hii ndiyo iliyochukua muda mwingi kuliko zote, na tunashauri anayerudia kazi hii aipe muda uleule.

Ulinzi una mamlaka makubwa juu ya idadi ya tatu (mitupo ya pointi tatu) anazotupa mpinzani na mahali anapozitupia. Juu ya kama zitaingia, mamlaka yake ni madogo. Chukua msururu wa mechi saba, mpinzani akitupa tatu 36 kila mechi. Hiyo ni mitupo 252. Hata kama uwezo wake halisi ni asilimia 36, kuyumba kwa kawaida ni takriban asilimia 3 juu au chini. Asilimia 3 ya mitupo 36 ni kikapu kimoja na kidogo, yaani zaidi ya pointi 3 kwa mechi. Msururu unaweza kuisha kwa tofauti ndogo kuliko hiyo! Kwa msimu mzima wa mechi 82 kuyumba kunapungua hadi chini ya asilimia 1, karibu pointi moja kwa mechi, ambayo bado inatosha kupandisha timu nafasi kadhaa kwenye jedwali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Knicks dhidi ya Boston. Mechi ya kwanza Boston walitupa tatu 60, zikaingia 15. Mitupo 45 iliyokosa ni rekodi ya mtoano. Mechi ya pili walitupa 40, zikaingia 10. Jumla ni 25 kwa 100. New York walishinda 108-105 katika muda wa nyongeza, kisha 91-90. Mara zote mbili walikuwa wameachwa kwa pointi 20.

Tunarekebisha hivi. Kwa asilimia 36, Boston wangepata vikapu 36, yaani 11 zaidi. Kila kikapu kilichokosa hakipotei chote, kwa kuwa takriban robo ya mitupo inayokosa inarudi mikononi mwa mtupaji na kumpa nafasi nyingine ya karibu pointi 1.1. Kwa hiyo thamani ya kuingiza badala ya kukosa si 3 bali kama 2.7. Mara 11 ni karibu pointi 30. Haturudishi zote, kwa sababu ulinzi nao una mchango: mkono ulioinuliwa usoni, mtupaji aliyesukumwa hatua moja nyuma ya mahali anapopapenda. Tunarudisha nusu, yaani pointi 15. New York walishinda mechi hizo mbili kwa jumla ya pointi 4.

Hii haiwanyimi Knicks haki yao. Mikal Bridges alimpokonya Jaylen Brown mpira mwishoni mwa mechi ya kwanza, na Jayson Tatum mwishoni mwa ya pili. Huo ni ulinzi wa kweli, na kwenye jedwali letu unaingia bila kupunguzwa hata chembe.

Usisahau kurekebisha pande zote. Minnesota waliwamaliza Lakers kwenye mechi ya tano wakiwa wameingiza tatu 7 kati ya 47. Asiyerekebisha angeandika kwamba Lakers walikaba vizuri mno usiku ule. Lakers walicheza bila mtu mkubwa, na Gobert akaondoka na pointi 27 na rebaundi 24. Walilipia chini kile walichookoa nje.

Wiki ya tano: kupora mpira na kinachofuata

Mpira uliopotea ndio tokeo bora la ulinzi, maana mpinzani hakutupa kabisa. Lakini si mipira yote iliyopotea ina uzito sawa. Mpira uliotoka nje unakupa kuanza upya, ulinzi wa mpinzani ukiwa umejipanga. Mpira uliopokonywa hai unakupa mbio. Tumeweka safu mbili tofauti, na ya tatu ya pointi zilizofuata.

Mechi ya kwanza ya Fainali inaonyesha kwa nini. Indiana walipoteza mpira mara 25, mara 19 kati ya hizo kipindi cha kwanza. Thunder walipata pointi 11 tu kutokana nazo. Walikuwa mbele karibu mechi nzima, kisha Tyrese Haliburton akatupa zikiwa zimebaki sekunde 0.3, na Pacers wakashinda 111-110. Ulinzi ulifanya kazi yake, mashambulizi hayakuvuna. Ukipima ulinzi kwa matokeo ya mechi, usiku huo unaandikwa kama wa kushindwa.

Kuna upande wa pili ambao wachambuzi wengi wanaupita. Ulinzi unaanzia kwenye mashambulizi yako mwenyewe. Timu inayopoteza mpira hovyo inalazimika kukaba ikikimbia kinyumenyume. Thunder walikuwa miongoni mwa timu zilizopoteza mipira michache kabisa, kwa hiyo zamu nyingi walizokaba walikuwa wamejipanga. Kwa hiyo tunagawa kila zamu ya mpinzani kwa jinsi ilivyoanza: baada ya kikapu chetu kuingia, baada ya rebaundi, baada ya mpira kupokonywa, na baada ya mwamuzi kusimamisha mchezo. Timu mbili zenye wastani sawa zinaweza kuwa na sura tofauti kabisa hapa. Pacers ni mfano: wakikaba baada ya kufunga, Andrew Nembhard, Aaron Nesmith na T.J. McConnell wanamsumbua mwenye mpira kuanzia mstari wa nyuma, na sekunde 6 au 7 za saa ya 24 (sekunde 24 ambazo timu inapewa kutupa) zinaliwa kabla hajaanza mchezo wake. Mechi ya tatu ya Fainali McConnell alipokonya mara 5 akitokea benchi, na baadhi yake ni pasi za kurudisha mpira uwanjani ambazo mrushaji alidhani ni za bure.

Wiki ya sita: video, zamu kwa zamu

Takwimu rasmi za nani alimkaba nani zinampa lawama mkabaji aliyekaa na mtupaji muda mrefu zaidi. Hazimtaji aliyechelewa kusaidia. Ndiyo maana tunatazama video na kujaza safu hizi: nani alikuwa na mpira, skrini iliwekwa wapi, ulinzi ulijibu vipi (kubadilishana, senta kubaki nyuma, wawili kumvamia, kupita juu), msaada wa kwanza ulitoka kwa nani, nani alifunika nafasi ya msaidizi, mtupo ulitokea wapi, na saa ya 24 ilisomaje.

Kosa linalojirudia kwa wanaoanza ni kumwandika aliye karibu na mtupaji kuwa ndiye aliyekosea. Mara nyingi huyo ndiye aliyekimbia kuziba tundu la mwingine. Rudisha video hadi hatua ya kwanza ambayo watu wawili walimfuata mtu mmoja, hapo ndipo pa kuandika.

Zamu za kusoma kwa karibu ni za Alex Caruso wa Thunder na Nikola Jokić wa Denver kwenye mechi ya saba, Thunder waliyoshinda 125-93. Caruso ana urefu wa mita 1.96, Jokić mita 2.11. Kwa karatasi ni upuuzi. Caruso hakujaribu kumzuia Jokić akishapata mpira. Alisimama mbele yake, kati yake na mpasaji, kifua kikimgusa na mkono mmoja ukiwa kwenye njia ya pasi. Pasi pekee iliyobaki ni ya juu, na nyuma yake alikuwepo Chet Holmgren akingojea hiyo hiyo. Mpasaji anasita, sekunde tatu nne zinapita, na mwenye mpira anabanwa na Lu Dort au Cason Wallace. Jokić alimaliza na mitupo 9 tu ya uwanjani na pointi 20.

Mpango huo una sharti. Msaidizi wa nyuma lazima awe amemwacha mtu asiyeogopwa kutupa kutoka nje. Aaron Gordon alicheza mechi hiyo akiwa na msuli wa paja uliochanika, kwa hiyo Denver hawakuwa na mtu wa kuadhibu pengo hilo. Kocha atakayeiga bila kuangalia nani anaachwa wazi atafungwa tatu za kona hadi ajute. Thunder wenyewe wanalijua hilo: wanajazana chini na wanakubali kuruhusu tatu nyingi za kona, wakiamini miguu yao itawahi.

Wiki ya sita, mwishoni: anayewindwa

Safu ya mwisho tuliyoongeza ni ya mkabaji anayewindwa. Kwenye mtoano timu inaita skrini kwa kumtafuta mkabaji dhaifu, zamu baada ya zamu, hadi kocha amtoe. Tunahesabu ni mara ngapi mkabaji fulani alivutwa kwenye skrini ya mwenye mpira, na pointi zilizofuata.

New York wanateseka hapa. Jalen Brunson na Karl-Anthony Towns ndio injini ya mashambulizi, na wakiwa pamoja kwenye skrini moja ulinzi hauna jibu zuri: wakibadilishana Towns anaachwa nje na mtu mwepesi, wasipobadilishana Brunson anagongwa skrini na kubaki nyuma. Dhidi ya Indiana kocha alibadilisha kikosi mechi ya tatu, Mitchell Robinson akaanza badala ya Josh Hart. Iliziba chini, haikuziba pale juu.

Thunder hawana mtu wa kuwindwa. Dort, Wallace, Caruso, Jalen Williams, Holmgren, Isaiah Hartenstein: ukimkimbia mmoja unakutana na mwingine. Hata Shai Gilgeous-Alexander, mfungaji bora wa ligi msimu huo, ana mikono mirefu na anasoma pasi.

Agosti 2025, wiki ya kwanza: makundi

Hatutoi nafasi kwa desimali, kwa sababu msururu wa mtoano haubebi usahihi huo. Tunatoa makundi.

Peke yao juu: Thunder. Ukiondoa bahati ya tatu wanashuka kidogo, lakini mipira wanayopora haina bahati ndani yake, na kwenye mtoano wa mechi 23 iliendelea kuwepo.

Kundi la pili: Minnesota, Boston na Houston. Minnesota wanadumu kwa sababu kulinda kikapu ni kazi isiyotegemea mpinzani kukosa. Wasiwasi wetu ni Gobert akikutana na senta anayetupa tatu. Boston tunawahukumu kwa mechi kabla Tatum hajachanika kano ya kisigino mechi ya nne dhidi ya New York; baada ya hapo ni timu nyingine. Houston walifika mbali zaidi kuliko wengi wanavyokumbuka: raundi ya kwanza waliwapeleka Golden State Warriors wa Stephen Curry hadi mechi saba, wakichanganya Thompson mtu kwa mtu na ulinzi wa eneo (kila mkabaji analinda sehemu, si mtu) wenye Steven Adams na Alperen Şengün kwa pamoja. Waliangushwa na mashambulizi yao.

Kundi la tatu: Cleveland, Indiana, New York. Cleveland ndio wagumu kuwapanga. Walitolewa na Pacers 4-1, lakini mechi ya pili, waliyopoteza 120-119, walicheza bila Mobley, Darius Garland wala De'Andre Hunter. Mechi kama hiyo haipimi ulinzi wa Cleveland, na tumeipa uzito nusu.

Wiki ya pili: kwa atakayeipeleka njia hii kwenye ligi za huku

Wapo makocha wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wanaotaka kutumia jedwali hili kwa ligi zao au kwa mechi za BAL, ligi ya kikapu ya Afrika. Inawezekana, ila sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na hali ya huku zinabadilisha mambo matatu.

Kwanza, FIBA haina sheria ya sekunde tatu kwa mkabaji. NBA iliileta msimu wa 2001-02, wakati huohuo ikiruhusu ulinzi wa eneo. Chini ya sheria hiyo mkabaji hawezi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu aliye karibu naye. Dikembe Mutombo wa Kongo alichukua tuzo yake ya nne ya Mchezaji Bora wa Ulinzi mwaka 2001, msimu wa mwisho kabla ya sheria hiyo. Kwenye FIBA mtu mrefu anaweza kuegesha pale, kwa hiyo safu ya "msaada ulitoka wapi" itajaa jina moja. Gawa: msaada wa aliyekuwa tayari pale, na msaada wa aliyekimbia.

Pili, mechi ni dakika 40, si 48, na mstari wa tatu uko mita 6.75 badala ya 7.24. Zamu ni chache, kuyumba ni kukubwa. Kwa mechi tano usirekebishe tatu kwa nusu. Rudisha zaidi, hadi theluthi mbili, na tumia wastani wa ligi yenyewe. Asilimia 36 ni ya NBA, ukiibeba kuja nayo huku, ambako tatu zinaingia kwa asilimia ndogo zaidi, kila timu itaonekana inakaba vibaya kuliko ilivyo.

Tatu, kwenye mechi nyingi hakuna mtu anayeandika zamu ilianzaje. Mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu anatosha, akiandika herufi moja kwa kila zamu: K kwa kikapu, R kwa rebaundi, P kwa kupokonywa, S kwa kusimamishwa. Awekwe upande wa pili wa meza ya waamuzi, aione saa ya 24 vizuri, na asipewe kazi nyingine yoyote.

Kazi iliyobaki ni kuunganisha safu ya anayewindwa na safu ya jinsi zamu ilivyoanza, ili ijulikane kama Brunson na Towns wanafungwa zaidi wakiwa wamejipanga au wakikimbia nyuma. Mechi sita za New York na Indiana ziko kwenye folda, robo kwa robo.